Chalbi Ilivyogeuka Rangi

Kazi aliyoifanya Sylvia Nangila kwa zaidi ya miaka ishirini ni ngumu kumweleza mtu ambaye hajaiona. Alikuwa akipaka vioo. Aliweka kioo ndani ya chungu kikubwa cha chuma, akawasha pampu mpaka hewa yote itoke, kisha akachemsha punje ya madini mpaka igeuke mvuke na kutua juu ya kioo, utando mwembamba kuliko ukungu wa pumzi. Akimaliza alikitoa, akakiinamisha dirishani, na kwa kuangalia tu rangi inayorudi, zambarau au samawati au manjano ya ganda la ndizi, akakwambia kama utando umekaa sawa au umezidi. Mashine ya kupimia ilikuja miaka mingi baadaye, na mara nyingi ilikubaliana naye.

Alizaliwa Chwele, akaja Eldoret akiwa na miaka ishirini kuishi na shangazi yake aliyekuwa kibarua katika kiwanda cha nguo. Shangazi alimtafutia kazi kwenye karakana ya miwani karibu na soko, na huko ndiko alikojifunza kukata lenzi na kuzipaka utando wa kuzuia mng'ao. Mwaka 2001 chuo kimoja pale mjini kilipewa mtambo wa kupaka vioo, msaada kutoka ng'ambo, na hakuna aliyejua hata jinsi ya kuuwasha. Wakamwita yeye. Shahada hakuwa nayo na hakuipata, lakini walimu wa fizikia walizoea kubisha mlango wake kabla ya kuanza jaribio lolote lenye kioo. Alijenga nyumba ya vyumba vitatu Kiplombe, akasomesha mabinti wawili, akamzika mumewe. Jumapili aliimba sauti ya pili kanisani.

Mwaka 2020 mkuu wa maabara, Daktari Dennis Kipkemboi, alileta habari kwamba chuo kitatengeneza setilaiti. Ndogo, ukubwa wa katoni ya sabuni, na ndani yake kamera ya kuangalia mashamba ya mahindi kuanzia Uasin Gishu hadi Trans Nzoia. Waliiita Korongo. Kitu cha maana zaidi ndani ya kamera ile kilikuwa kioo cha mviringo, upana wa kisosi, kilichopakwa fedha na kufunikwa juu yake utando mwingine wa kuilinda fedha. Kazi yote hiyo ilikuwa ya Nangila. Alikirudia mara sita mpaka akaridhika.

Kioo kilishikiliwa kwa gundi. Gundi yoyote, hata ikikauka na kuwa ngumu, huendelea kutoa mvuke kidogo kidogo, na mahali pasipo hewa hutoa zaidi. Kwa hiyo kabla ya kusafirishwa, kamera ilitakiwa kukaa siku kumi ndani ya tanuri lililotolewa hewa, ipashwe moto mpaka gundi imalize kutoa ilicho nacho. Siku ya nne stima ilipotea na jenereta ikakataa kuwaka. Kufikia alasiri tanuri lilikuwa limepoa na hewa imeingia.

"Tuanze tena," Nangila alisema. "Siku kumi kamili."

Daktari Kipkemboi alikuwa mtu mpole, mwenye desturi ya kuvua miwani akiwa na jambo zito la kusema. Aliivua. "Madam, mzigo unaondoka Ijumaa. Tukikosa hii roketi, tunangoja mwaka mzima, na pengine tusipate nyingine."

"Lakini hii gundi bado inanuka, Daktari."

"Huko juu hakuna mtu wa kunusa."

Alisema kwa mzaha, na wote wawili wakacheka kidogo. Kisha akaweka fomu mezani, ile inayosema kamera imekaa ndani ya tanuri muda unaotakiwa. Nangila aliisoma hadi mwisho, akatia saini. Baadaye, kila alipokumbuka siku ile, hakuweza kujidanganya kwamba alishikwa mkono. Kalamu yenyewe ilikuwa yake.

Korongo ilirushwa Novemba 2022 na ikafanya kazi vizuri kupita walivyotarajia. Kila siku, mnamo saa nne na nusu asubuhi, ilipita juu ya nyanda za Uasin Gishu ikipiga picha. Kompyuta ya chuo ilizisoma zile picha, na wakulima elfu moja mia moja na arobaini wakapata ujumbe kwenye simu: shamba lako lina afya, au shamba lako linahitaji mbolea ya kukuzia, weka kabla ya wiki mbili. Mwaka 2023 wakulima walivuna vizuri. Jirani yake Nangila kule Kiplombe, Mama Jeruto, mjane wa miaka sitini na minane mwenye ekari nne za mahindi, aliwaonyesha watu simu yake kanisani kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu.

Dalili ya kwanza ilionekana Februari 2024. Lorraine, msichana aliyepokea picha kwenye kompyuta, alikuwa na desturi ya kuangalia Jangwa la Chalbi kila wiki. Kule Marsabit sakafu ya jangwa ni chumvi tupu, nyeupe, haina mti wala nyasi, kwa hivyo inafaa kupimia kama kamera bado inaona sawasawa. Nangila alipita nyuma ya kiti chake akiwa na kikombe cha chai, akasimama.

"Hiyo ni wapi?"

"Chalbi, Madam."

"Mbona ina rangi ya hii chai yangu?"

Lorraine alicheka, akafungua picha ya mwaka uliotangulia na kuiweka kando ya ile mpya. Akaacha kucheka. Picha ya zamani ilikuwa nyeupe kama karatasi. Ile mpya ilikuwa na umanjano hafifu, ambao mtu asiyezoea rangi za vioo angeupita bila kuuona.

Nangila alivuta kiti akaketi. Aliiweka ile chai chini, hakuinywa tena.

"Watu hufikiria huko juu hakuna kitu," alimwambia Lorraine. "Kiko. Kuna oksijeni, lakini si hii tunavuta. Jua limeivunja, inatembea moja moja, na Korongo inaigonga ikikimbia zaidi ya kilomita saba kila sekunde. Mahali utando uko na tundu, hata dogo kama la sindano, inaingia na kukula fedha chini yake. Halafu kuna ile mionzi kali ya jua ambayo hapa chini hewa inatukinga. Ikipata mvuke wa gundi umetua juu ya kioo, inaupika pale pale."

"Kama mafuta kwa sufuria?"

"Kama mafuta kwa sufuria. Na hakuna mtu wa kwenda kusugua."

Daktari Kipkemboi alipoonyeshwa alivua miwani, akaangalia picha mbili kwa muda mrefu. "Chalbi ilipata mafuriko mwisho wa mwaka," alisema. "Chumvi imechanganyika na matope. Hiyo ni ardhi imebadilika, Madam, si kamera."

Jibu hilo lilikuwa na akili ndani yake. Mafuriko yalikuwa yametokea kweli. Nangila alirudi chumbani kwake akiwa karibu kuliamini. Lakini siku aliyopaka kioo cha Korongo alikuwa amepaka pia vipande vidogo vya kioo katika mtambo uleule, ili vibaki chini kwa kulinganisha. Alichukua kimoja, akakiweka ndani ya chungu cha chuma pamoja na tone la gundi ileile, akatoa hewa, akawasha taa ya mionzi kali kama ya jua, akaiacha ikiwaka. Kila asubuhi alichungulia kwenye kidirisha. Wiki ya kwanza hakuona kitu. Wiki ya pili kulikuwa na alama kama ya kidole chenye jasho. Wiki ya tatu kioo kilikuwa na rangi ya asali, na alipokitoa na kujaribu kukifuta kwa pamba yenye spiriti, pamba ilitoka safi. Ule uchafu ulikuwa umeshakuwa sehemu ya kioo.

Alikipima kwa mashine. Mwanga wa bluu ulikuwa umepungua sana, mwekundu kiasi. Ule mwanga usioonekana kwa macho, ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi, ulikuwa haujaguswa kabisa. Akamwita Lorraine, akamwonyesha namba.

Lorraine alizitazama, midomo ikitembea taratibu. "Jani likiwa na afya linameza nyekundu," alisema. "Likiwa gonjwa linaitema. Sasa kama kioo chenyewe kinameza nyekundu..."

"Kompyuta itafikiri jani ndilo limemeza."

"Kwa hivyo mahindi yakigonjeka..."

"Korongo itasema ni kijani."

Nje mvua ya masika ilikuwa imeanza kupiga mabati, mvua ya mwaka ule ambayo haikujua kuacha.

Nangila alipompelekea Daktari zile namba, hakumfukuza. Alimsikiliza, akaandika kila kitu, akasema kipande kimoja ndani ya chungu si ushahidi wa kutosha. Wageni wenye kufadhili mradi walikuwa wanakuja Mei kuangalia kazi. Tukianza kusema kamera inaoza, alisema, watafunga mlango, na hao wakulima watabaki bila kitu kabisa. "Tungoje Julai. Kama itazidi, tutasimamisha."

Nangila akangoja. Mvua ilinyesha Aprili yote na Mei yote, ikaosha mbolea ya kupandia ikaishukisha ndani kabisa ya udongo, mahali mizizi michanga haifiki.

Jumamosi moja mwanzoni mwa Juni alikuwa akipita kando ya shamba la Mama Jeruto aliposikia akiitwa. Mama Jeruto alikuwa amesimama katikati ya mahindi yaliyomfika kiunoni, simu mkononi.

"Nangila, kuja uone."

Aliruka mfereji akaingia. Majani ya chini yalikuwa yameanza kuwa manjano, kuanzia kwenye ncha na kushuka katikati ya jani kama ulimi. Aliinua macho. Mstari baada ya mstari, hadi kwenye ua, ilikuwa hivyo hivyo. Ukisimama barabarani ungeona kijani tu. Ilibidi uiname uchungulie chini.

Mama Jeruto alimpa simu. Ujumbe ulikuwa wa siku mbili zilizopita. *Shamba lako lina afya nzuri. Usiongeze mbolea.*

"Mimi macho yangu inaniambia kitu ingine," Mama Jeruto alisema. "Lakini mwaka jana iliniambia nisiweke, sikuweka, na nikavuna. Hiyo kitu iko juu kule inaona kuliko mimi, ama? Si ni wewe ulitengeneza?"

Nangila alishika jani moja la manjano. Lilikuwa baridi, limelowa umande. "Ni mimi, Mama," alisema. "Weka mbolea. Leo. Usingoje Jumatatu."

"Na hii simu?"

"Hiyo simu inadanganya. Haijui kama inadanganya, lakini inadanganya." Akamweleza, pale pale katikati ya mahindi, habari ya gundi, ya jua, ya kioo kilichogeuka rangi. Mama Jeruto alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mama yule aliangalia juu, ingawa mawingu yalikuwa yamefunika kila mahali.

"Na hao wengine," aliuliza, "unawaambia lini?"

Jumatatu Nangila alikuwa mlangoni kwa Daktari kabla mwenyewe hajafika. Hakuketi. Alimwambia kuhusu majani ya Kiplombe, akamwambia asimamishe ujumbe siku hiyo hiyo. Daktari aliangalia picha mpya ya Chalbi, ambayo sasa haikuhitaji jicho la mtaalamu, ilikuwa kahawia. Uso wake ulibadilika. Aliogopa, Nangila aliona, na mtu mwenye hofu hutafuta dawa ya haraka.

"Tunaweza kuigeuza," alisema Daktari. "Tuielekeze kamera kwenye jua siku tatu. Kioo kitapata moto na huo mvuke utaondoka."

"Hapana. Daktari, hapana. Jua ndilo linaupika. Ule ambao haujashikana utatoka, ni kweli, lakini ulioshikana utaiva zaidi. Na gundi nayo ikipata moto itatoa mvuke mwingine. Unaongeza kuni."

"Setilaiti nyingine hupashwa moto namna hiyo."

"Hupashwa kwa hita, gizani, jua likiwa mgongoni. Yetu haina hita."

Alimwomba. Hakuwahi kumwomba mtu kitu kazini kwa sauti ile, hata Lorraine aliinuka akatoka nje. Lakini Daktari alikuwa ameshaamua, na mchana amri ilitumwa. Siku tatu Korongo ilizunguka dunia ikiwa imekodolea jua jicho wazi, mara kumi na tano kwa siku, kutoka kwenye joto la kuunguza hadi kwenye baridi isiyo na jina, na kurudi.

Siku ya nne picha ya Chalbi ilikuja ikiwa safi zaidi. Haikuwa nyeupe kama mwanzo, lakini ilikuwa imetakata, kila mtu aliona. Watu walipiga makofi. Daktari alimshika Nangila bega kwa upole na kusema, "Unaona, Madam." Na kwa sababu picha ilikuwa imetakata, ujumbe haukusimamishwa. Simu ziliendelea kulia mashambani, Moiben, Ziwa, Turbo, Kiplombe: shamba lako lina afya nzuri, usiongeze mbolea.

Nangila hakupiga makofi. Alikuwa anahesabu. Mvuke ule mwepesi ulikuwa umetoka. Sasa gundi yenye moto ingeanza kutoa ule mzito. Siku ya tisa rangi ya asali ilirudi. Siku ya kumi na tatu Chalbi ilikuwa kama udongo wa tanuru, na pembeni mwa picha palikuwa na madoa meusi matatu yenye umbo la mwezi, mahali ambapo utando ulikuwa umepasuka kwa joto na baridi, na oksijeni ikaanza kuila fedha yenyewe. Lorraine alipoyaona alitia mkono mdomoni.

Siku hiyo hiyo chifu wa Kiplombe alikuwa na baraza la wakulima kuhusu ghala la nafaka. Nangila hakumwomba mtu ruhusa. Alikwenda, akangoja zamu yake, akasimama.

"Mnanifahamu," alisema. "Mimi ni Nangila, jirani yenu. Zile ujumbe za simu mnapata kuhusu mahindi, msizifuate tena. Kamera imeharibika. Ilianza kuharibika Februari na mimi nilijua. Na kabla iende juu, kulikuwa na kazi haikumalizika, na mimi ndiye niliandika kwamba imemalizika. Saini ni yangu."

Kelele zikazuka. Mzee mmoja kutoka upande wa juu, naye akiitwa Kipkemboi lakini si ndugu wa Daktari, alisimama kwa shida akiegemea fimbo.

"Mimi mahindi yangu imeshatoa maua," alisema. "Nikiweka mbolea sasa, itasaidia?"

Nangila alijua jibu, na kila mtu pale alilijua. "Hapana, Mzee. Imechelewa."

Yule mzee hakumtukana, akaketi. Nangila alisema baadaye kwamba angeona nafuu kama angemtukana.

Ujumbe ulisimamishwa kesho yake. Wale waliokuwa wamepanda mwisho waliwahi kuweka mbolea. Wengine wengi hawakuwahi. Novemba, mahindi yalipovunwa, magunzi yalikuwa mafupi na ncha zake hazina punje, kama vidole vilivyokatwa. Mama Jeruto alivuna vizuri, ila alivuna kimya kimya, kwa sababu shamba lililopakana na lake halikuwa na kitu, na hakutaka kusikika akicheka. Daktari Kipkemboi alizunguka mashambani mwenyewe wiki nzima, akiomba radhi mlango kwa mlango. Watu walimpa chai. Alikonda mwaka ule, na hakuvua miwani tena alipozungumza.

Chuo kilimpa Nangila barua ya onyo kwa kusema hadharani bila idhini, kisha kikaendelea kumpa kazi, maana hakukuwa na mwingine. Kazi yenyewe ilikuwa kioo cha Korongo ya pili. Safari hii alikipaka fedha mara tisa. Gundi ilikuwa ileile. Mpya ilikuwa imeagizwa na haikufika. Kamera iliingia tanurini Agosti. Siku ya sita stima ikapotea.

"Siku kumi kamili," Nangila alisema. "Tunaanza moja."

Daktari alikubali. Walianza moja. Siku ya saba simu ikaja kutoka kwa watu wa roketi: tarehe imewahishwa, mzigo uondoke keshokutwa. Daktari alikaa ofisini mlango umefungwa tangu asubuhi hadi saa sita. Kisha akaja na fomu.

Nangila aliweka mikono yake nyuma, kama mtoto. "Sitaki, Daktari."

"Ni siku saba. Mara ya kwanza zilikuwa nne."

"Sitaki."

Hakumlazimisha. Alichukua kalamu kutoka mfukoni mwake, akatia saini pale ambapo jina la Nangila lilikuwa limechapwa, akaandika lake pembeni. Kamera ikafungwa ndani ya sanduku, na lori dogo likaipeleka uwanja wa ndege.

Iko juu sasa. Picha zake ni nzuri, nzuri sana, na wakulima wameanza kuandikishwa upya. Wiki iliyopita Mama Jeruto alimwita Nangila uani, akamwonyesha fomu ya kujiandikisha, akamuuliza aandike namba yake au asiandike.

Nangila aliisoma ile fomu hadi mwisho. Nyuma yao mahindi ya msimu mpya yalikuwa yamefika magotini.

"Andika, Mama," alisema mwishowe. "Itakusaidia mwaka huu, pengine na ujao. Lakini kila Jumamosi uingie ndani ya shamba, uiname, uangalie majani ya chini. Ukiona simu na jani hazikubaliani, usiniulize mimi. Fuata jani."

Mama Jeruto aliandika namba yake pole pole, tarakimu moja moja, kisha akaikunja ile karatasi na kuiweka ndani ya Biblia.